Bwana Mifugo na Ng'ombe wa Mama

Kabla ya kubisha hodi alinusa. Alisimama nje ya geti, akavua kofia, akainua pua juu kidogo kama mtu anayesubiri kupiga chafya, ndipo ukamsikia: "Hodi wenyewe! Ni mimi wa mifugo." Kufikia hapo alikuwa ameshajua kama una nguruwe, kama kuku wako wamebadilishiwa maranda wiki hiyo, na kama yule mbwa uliyesema amekufa bado anakula na kushiba. Kata nzima ya Sekei, hapa Arusha, tulimwita Bwana Mifugo, na wengi wetu tulimaliza miaka yote ile bila kuhitaji jina lake jingine. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sikuwahi kuuliza. Mtu aliyekuja kukukagulia banda humuulizi habari za babu yake.

Kazi yake ilikuwa kusimamia sheria ndogo za Jiji kuhusu wanyama. Kwa kifupi zilisema hivi: mjini unaruhusiwa kufuga, ila mnyama akae ndani, banda liwe safi, uchafu usimfikie jirani, mbwa achanjwe na asizurure, na kwa ng'ombe uwe na kibali. Ukiyasoma maneno hayo ukutani kwa mtendaji wa kata unaona ni rahisi. Lakini kata yetu imekaa nusu kwa nusu. Upande mmoja kuna migomba na kahawa ya wazee waliokuwapo kabla lami haijafika, upande wa pili kuna ghorofa zenye vioo vya bluu na watu wanaonunua maziwa ya pakiti. Jogoo akiwika, nyumba moja inaamka kukamua, nyumba ya pili inaamka kulalamika. Katikati ya nyumba hizo mbili alisimama yeye, amevaa gambuti na tai.

Hiyo tai ilitusumbua. Mtu anaingia kukagua zizi la nguruwe, tope mpaka kwenye magoti, na shingoni tai ya rangi ya maziwa imekazwa vizuri. Mama yangu alimuuliza siku moja kwa nini anajitesa.

"Mama Elinipa," akamjibu, "naingia nyumbani kwa watu."

Elinipa ndiye mimi. Nina saluni kando ya barabara inayopanda kwetu, na mtu mwenye saluni hana haja ya redio. Habari za Bwana Mifugo zilinifikia zikiwa bado za moto, wateja wakiwa wamekaa na dawa kichwani na hawana pa kukimbilia. Nusu ya wanawake wa mtaa walimwogopa, nusu walimcheka, na wote walimpikia chai alipopita. Mimi mwenyewe nilikuwa na ugomvi naye, tena mkubwa, nitausema. Kwanza nieleze alivyokuwa, maana ukianza na ugomvi utamwona mbaya.

Alikuwa na msemo mmoja alioutumia mpaka ukachakaa: "Mnyama hana kosa. Kosa ni la aliyeshika kamba." Aliusema mgambo walipotaka kuwachapa mbuzi waliokutwa wakila maua kwenye mzunguko wa barabara. Aliwazuia, akawaswaga mbuzi wale mwenyewe taratibu hadi kwa mwenye nao, na yule mwenye nao ndiye aliyejuta kuzaliwa. Aliwahi kuusema hata kanisani, mchungaji alipohubiri juu ya nguruwe walioingiwa na pepo wakakimbilia ziwani. Watu walicheka, mchungaji naye ikabidi acheke.

Wapo waliopenda kumtupia ile methali ya sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hakuipenda. "Msumeno hauna akili," alisema. "Akili anayo fundi, akiamua kuitumia."

Na aliitumia. Kulikuwa na mpangaji mmoja, kijana wa benki, aliyelalamika kwamba jogoo wa jirani yake hamwachi alale. Mwenye jogoo naye, bibi mmoja mkali, akaapa kwamba yule jogoo atakufa kwa uzee. Bwana Mifugo akaenda, akanywa chai kwa bibi, akanywa chai nyingine kwa kijana, kisha akatafuta kreti ya mbao iliyo fupi. Akamwambia bibi jogoo alale humo, kwa sababu jogoo asiyeweza kunyoosha shingo hawiki. Kweli, kesho yake kukawa kimya. Kijana wa benki akalala usingizi mtamu hadi akachelewa kazini, na jioni akaja kwa bibi kwa adabu zote kumwomba kama jogoo anaweza kutolewa kwenye kreti saa kumi na mbili kamili. Tangu hapo walisalimiana.

Siku za chanjo ya mbwa ndipo ungemwona akiwa na furaha. Watu walileta mbwa wao uwanjani kwa kila namna: kwa kamba ya katani, kwa mnyororo, kwenye toroli, na mama mmoja alimleta wake amembeba mgongoni kwa kitenge, mkia unaning'inia. Mbwa wakorofi Bwana Mifugo aliwasemesha Kimaasai, na wakakaa chini. Tulimuuliza siri yake ni nini.

"Mbwa wengi wa Arusha wametoka kwenye ukoo wa machungani," akasema. "Kiswahili wanakielewa, ila hawakiheshimu."

Mtu huyo aliyemshika fahali kwa pua bila kukunja uso alimwogopa bata bukini. Sitanii. Kulikuwa na nyumba moja yenye bata hao wakubwa weupe, wale wanaonyoosha shingo na kukufuata huku wakikufokea. Nyumba ile aliikagua kutoka juu ya ukuta, amesimama kwenye tofali. "Nawaona," alisema kwa mwenye nyumba. "Wako vizuri. Wabaki hivyo hivyo." Hakuna aliyewahi kumwona akivuka geti lile.

Jambo jingine lililotushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakufuga chochote, hata paka. Mkewe alikuwa mteja wangu, mwanamke wa maneno matamu na vicheko vingi, na kila akija kusuka lazima amseme. "Mume wangu anawajua kuku wote wa kata hii kwa sura, halafu mimi mayai nanunua dukani. Nimemwomba tetea mmoja tu, Elinipa. Mmoja!" Jibu la mumewe lilikuwa lile lile kila mwaka: refa akivaa jezi, nani atakubali penalti yake? Alimwahidi kwamba akistaafu watarudi kwao Kikatiti, na huko atamjengea banda la kuku la kukufuru. Mama yule alikuwa ameshachagua hadi rangi ya kuku. Alitaka weusi wenye madoa meupe.

Basi mtu huyo asiyefuga, ambaye Jumatatu hadi Ijumaa kazi yake ni kuhakikisha wanyama hawazagai mjini, Jumapili ndiye aliyekuwa mnadishaji wa kanisa letu. Kwa asiyejua, kwetu ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Sadaka ambazo si fedha, yaani ndizi, mayai, maziwa, kuku, wakati mwingine mbuzi, hutolewa nje zikauzwa kwa mnada, na kinachopatikana ni cha kanisa. Na mnada ule si wa kutafuta bei rahisi. Mtu ananunua mkungu wa ndizi kwa bei ya gunia, kwa sababu watu wanamwona na Mungu anamwona. Mara nyingi aliyeshinda husema, "Nairudisha, iuzwe tena," na kitu kile kile kikauzwa mara mbili, mara tatu, hadi apatikane atakayekibeba. Bwana Mifugo aliupenda mnada ule. Alipaza sauti, alitania, aliwajua wenye mikono mizito na wenye midomo mirefu. Kisha watu wakaondoka kila mmoja na kuku wake kwapani, na Jumatatu yeye huyo huyo akawapitia kuangalia hao kuku wamelala wapi. Nilimwambia kwamba mkono wake wa kulia unavunja kazi ya mkono wa kushoto. Akasema ndiyo maana Mungu alimpa yote miwili.

Sasa ugomvi wetu.

Baba alipofariki, mama yangu alinyamaza. Sisemi alilia sana. Kulia kungekuwa afadhali. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono mapajani, ukimwita anageuka, ukimpa chakula anakishika. Waliokuja kutufariji walisema muda utamponya. Muda haukufanya kitu. Aliyefanya kitu ni Nyange, ng'ombe wetu, mweupe wote isipokuwa masikio. Baba ndiye aliyekuwa akimhudumia, na baada ya msiba nikawa nampelekea majani mimi, kwa kusahau na kwa haraka, kati ya mteja na mteja. Asubuhi moja nikachelewa mno. Nyange akalia kwa njaa, akalia, akalia, hadi mama akainuka kwenye kigoda akaenda kumkatia majani. Kesho yake akainuka tena. Baada ya muda akawa anamsemesha. Hakutusemesha sisi, alimsemesha ng'ombe. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jiko nikisikia mama yangu anaeleza bei ya pumba kwa Nyange, na nilishukuru kana kwamba ameniimbia. Nilijua kabisa kwamba siku ng'ombe huyo akiondoka, mama atarudi kwenye kigoda, na safari hiyo hatainuka.

Mwaka huo huo ghorofa la jirani likakamilika. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, Mchaga wa Machame, mtu mzito wa suti na salamu fupi. Wapangaji wakaingia. Masika yakanyesha, na maji ya banda letu, nisifiche, yakapita chini ya ukuta yakatokea pale wapangaji wanapoanika nguo. Mwenye ghorofa hakuja kugonga kwetu. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya kata.

Bwana Mifugo akaja. Akanusa nje kama kawaida, akabisha, akaingia. Alizunguka banda, akachuchumaa kuangalia maji yanakotoka, akaenda upande wa pili wa ukuta akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, akavua kofia mbele ya mama.

"Mama Elinipa, malalamiko ni ya kweli."

Mama akamtazama. Ilikuwa nadra wakati ule amtazame mtu usoni.

"Unamchukua?" akauliza.

"Leo hapana. Sheria inanitaka nikupe muda. Panatakiwa sakafu ya zege, mfereji, na shimo la samadi lenye mfuniko. Muda ukiisha na hali ni hii, ng'ombe anatoka mjini."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia kwamba anakunywa chai yetu na kutuchimbia shimo. Nilimwambia anajua fika hali ya mama, mkewe ameshamweleza, na kama ana roho ya mtu aende akamwambie tajiri yule afunge pua. Nilisema mengine ambayo saluni imenifundisha. Alisubiri nimalize.

"Hali ya mama naijua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mgambo. Lakini dada, yule mama anayeanika nguo za mtoto wake pale naye ni mtu."

Alisema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Zege tusingeweza, matanga yalikuwa yametumaliza. Jioni ile mama hakumsemesha Nyange. Alimpa majani akarudi ndani.

Nyange alikuwa na ndama, mtamba mzuri aliyekwisha acha kunyonya. Siku chache kabla ya Sikukuu ya Mavuno mama akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba ndama yule anamtoa sadaka. "Kama wataondoka, mmoja ataondoka kwa mkono wangu," akasema. Nilijaribu kumpinga. Lakini mtu aliyekaa kimya muda wote huo akisema neno, unalishikaje kulirudisha?

Tukampeleka kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa sababu Bwana Mifugo asingekubali ndama atembezwe barabarani, hata kama anakwenda kwa Mungu.

Siku ile kanisa lilifurika. Mahindi, viazi, maharage, mikungu ya ndizi, na ndama wetu amefungwa kwenye mwerezi, ana utepe mwekundu shingoni. Bwana Mifugo alikuwa na tai ile ile, ila miguuni viatu vya kung'aa. Aliuza vyote, ndama akamwacha mwisho. Mzee mmoja wa kahawa, tajiri wa zamani, ndiye aliyeanza. Watu wakapandisha, wakaachia njiani mmoja mmoja. Ndipo kwa nyuma mkono mwingine ukanyooka. Alikuwa mwenye ghorofa. Alikuwa mgeni katika usharika wetu, amekuja na mkewe wamevaa wakapendeza, na mgeni kwenye mnada wa mavuno anataka ajulikane. Mzee wa kahawa akapandisha. Mwenye ghorofa akapandisha. Watu wakaanza kushangilia. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono.

Nilichokiona mimi, na wengine hawakukiona, ni kwamba Bwana Mifugo alipunguza mwendo. Mtu ambaye huuza jogoo kwa pumzi moja, sasa anameza mate, anafuta miwani, anatazama upande wa suti ile mpaka mkono unyooke tena. Mzee wa kahawa mwishowe akacheka akatikisa kichwa.

"Wa kwanza... wa pili... amekwenda!" Vigelegele. Kisha Bwana Mifugo akauliza, kama desturi ilivyo, "Mzee wetu, unamrudisha au unambeba?"

Usharika mzima ukamgeukia. Angesema anamrudisha, yangeisha. Lakini mkewe akamgusa kwa kiwiko, na wazee wanamtazama, na mtu ameshatoa fedha yote ile mbele ya watu.

"Nambeba!" akasema.

Shangwe ikapanda mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. Bwana Mifugo akasubiri itulie. Akaweka miwani vizuri.

"Hongera sana, Mungu akubariki. Sasa, huyo aliyeuza ni mimi wa Jumapili. Mimi wa Jumatatu nina swali. Utamlaza wapi?"

Ngai! Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Uwanja wa ghorofa lile ni tofali tupu za kupaki magari, kila mtu anajua. Banda hana. Kibali hana. Yule bwana akatazama huku na huku, jasho linamtoka kwenye ukosi, na mimi, nakiri, nilifurahi moyoni kama shetani mdogo.

Ndipo mkono wa mama ukatoka kwenye mkono wangu. Akapita katikati ya watu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, akasimama mbele ya mwenye ghorofa.

"Nitakutunzia," akasema. "Kwa desturi."

Desturi yenyewe inajulikana mlimani kote. Mwenye ng'ombe humpa mtu mwingine amtunzie. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, maziwa na samadi ni vya mtunzaji, na ndama wakizaliwa wanagawana kwa zamu. Wamachame wanayo, Wameru tunayo, na waliopeana ng'ombe namna hiyo hawashtakiani, ni aibu. Mwenye ghorofa akafuta jasho, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," akasema. Hakuwahi kumwamkia kabla ya hapo. "Bibi yangu alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo."

"Marahaba, baba. Basi unajua."

Jumatatu asubuhi tulisikia mtu ananusa getini. Bwana Mifugo aliingia na gambuti zake, akamwita mwenye ghorofa kutoka upande wa pili, akatusimamisha wote mbele ya banda lenye tope.

"Humu sasa kuna ng'ombe wa mlalamikiwa na ng'ombe wa mlalamikaji," akasema. "Muda bado unahesabika. Mimi ni nani niwaingilie wenye mali?"

Akaondoka zake. Mwenye ghorofa akalitazama tope, akamtazama ndama wake amezama hadi kwenye vifundo, akakunja suruali. Zege lilipatikana lile lililobaki kwenye ujenzi wake, tofali zake, fundi wake. Mchana mama aliwapikia loshoro, mahindi ya kuchanganywa na maziwa, na yule tajiri alikula bakuli mbili akiwa amekaa kwenye kigoda cha mama. Na usidhani Bwana Mifugo alitulegezea. Alikuja kukagua akakataa, eti mfuniko wa shimo unaacha mwanya. Tukarekebisha. Akaja tena, akachuchumaa, akaweka pua karibu kabisa na mfuniko, tai inagusa zege. Alipoinuka alimpa mama mkono.

"Kibali utapata, Mama Elinipa. Nyange anakaa."

Mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti, pale pale, machozi yote aliyokuwa amemwekea baba. Nilikwenda jikoni nikakaa sakafuni kwa raha. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Nilimuuliza Bwana Mifugo baadaye kama alipanga mambo yale. Akajifanya ameudhika. "Mimi napiga mnada tu. Mkono aliunyoosha mwenyewe." Tangu mwaka ule wapangaji wa ghorofa wanapitisha chupa juu ya ukuta kila jioni na kurudishiwa zikiwa na maziwa, na yule mama wa nguo za mtoto ndiye mteja wetu wa kwanza.

Akastaafu. Tulimuaga kanisani kwa mnada, ambapo tai yake iliuzwa na kurudishwa mara nyingi mpaka akarudi nayo nyumbani. Wakahamia Kikatiti. Banda la kuku akalijenga kweli, tulisikia, la mabanzi mazuri na paa la bati. Kabla kuku hawajaingia, mkewe akaugua ghafla akafa.

Tulikwenda kumzika. Bwana Mifugo alisimama wima muda wote, akatushukuru mmoja mmoja. Nikadhani atakuwa salama. Lakini miezi ikapita, na mteja mmoja anayeishi Makumira, njia ya kwenda Kikatiti, akanieleza saluni kwamba mzee yule siku hizi hasemi. Anavaa tai yake asubuhi, anakaa barazani, ukimwamkia anatazama barabara. Dada yake ndiye anayemlisha. Banda la kuku liko tupu vile vile.

Nilimweleza mama jioni. Akaweka kikombe chini.

"Ukimya huo naujua," akasema.

Nyange alikuwa ameshazeeka na kutuacha, lakini yule ndama wa mnada alizaa, na uzao wa zamu ya mama ulikuwa mtamba mweupe mwenye masikio meusi. Mama akasema huyo anakwenda Kikatiti, kwa desturi. Nikamwambia, "Mama, mtu haongei, ataweza kufuga?"

"Kwani mimi nilikuwa naongea?"

Goti lake halikumruhusu kusafiri, kwa hiyo nilikwenda mimi na dereva wa kirikuu. Nilitaka tuondoke alfajiri, lakini mama alinizuia getini hadi nikapite ofisini kuchukua kibali cha kusafirisha mifugo. "Usithubutu kwenda kwa yule mtu mikono mitupu," akasema. Nilinung'unika njia nzima hadi Usa River.

Alikuwa barazani kama nilivyoambiwa. Amekonda, tai imekaa vizuri. "Shikamoo baba," nikasema. Hakuitikia. Nikamwambia mama anamsalimia, nikamwambia habari za ghorofa, za kanisa, za bata bukini waliochinjwa Krismasi. Hakugeuka. Dada yake, mama mtu mzima mwenye kanga begani, akanishika mkono taratibu, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nikaanza kukata tamaa, nikawaza nitamwambia nini mama.

Kwenye gari mtamba akalia. Alikuwa na kiu, njia ilikuwa ya vumbi.

Bwana Mifugo akainua pua juu kidogo. Akanusa. Akashika nguzo ya baraza, akainuka, akashuka ngazi bila fimbo hadi kwenye kirikuu. Akamtazama mtamba masikio, akamtazama kwato, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Kisha akanigeukia, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Kibali cha kusafirisha kiko wapi?"

Dada yake akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikafungua pochi nikampa kile kibali. Akakipokea, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akakikunja vizuri akakitia mfukoni. Tukajua tumepona, lakini hakuwa amemaliza.

"Banda sina," akasema. "Siwezi kumpokea mnyama sina pa kumlaza."

"Kaka, hapa si mjini!" dada yake akamwambia, analia na kucheka.

Yeye akaenda kwenye lile banda la kuku lililo tupu, akasimama mbele yake, mkono juu ya mabanzi. Halafu akalegeza tai, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akamwambia dereva amsaidie kung'oa upande mmoja ili mlango upanuke. "Upande wa pili tutaacha kwa ajili ya kuku," akasema. "Weusi wenye madoa."

Nikapiga simu nikiwa nimeegemea gari. Mama alipokea kabla haijaita vizuri.

"Amesema neno?"

"Amedai kibali, mama."

Nikamsikia anacheka, mama yangu, anacheka na kuvuta kamasi, anatembea na simu kuelekea ukutani kwa jirani.

"Baba!" akamwita mwenye ghorofa kwa sauti yake yote. "Njoo usikie! Mzima yule! Amedai kibali!"